Wimbo Uliokatika Kabla ya Majina

Muulize Germaine, yule anayeuza mchele wa Kibombo sokoni Kindu, kama ana bwana. Atakuambia: "Nilikuwa naye. Alipanda ndege." Haongezi neno. Atachota mchele, atausawazisha kwa kiganja, kisha atakutazama akingoja ufungue mfuko. Mgeni mwenye huruma huuliza kama ndege ilianguka. Hapo Germaine hucheka kicheko kikavu.

"Ingeanguka," husema, "ningelia mara moja nikamaliza."

Bwana huyo aliitwa Florentin, na alikuwa mpiga gita. Germaine alimpata akiwa msichana, kabla ya vita, na hakujali kwamba hana kazi nyingine, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji. Si wa bendi, si wa kwaya. Shuleni hakukanyaga, baba yake alipeleka wavulana tu, naye akabaki nyumbani kutwanga. Nyimbo alizipata kwenye kinu. Akisikia wimbo mara moja ulikuwa wake, na akikosa unaofaa siku ile, alitunga.

Vita vikaja, Kindu ikafungwa. Wenye bunduki waliokaa mjini hawakutaka mtu atoke. Wenye bunduki waliokaa porini hawakutaka mtu aingie. Reli ilinyamaza. Chumvi ikapimwa kama dawa. Aliyetaka kula alivuka mto kwa mtumbwi hadi upande wa Alunguli, akaingia mashambani kuchuma sombe, yale majani ya muhogo, na kuchimba mihogo, yake au ya mtu mwingine, hakuna aliyeuliza. Wanaume hawakuthubutu. Mwanamume akionekana porini alikuwa adui wa upande huu au wa upande ule, na risasi haikungoja ajieleze. Kwa hiyo walikwenda wanawake. Walivuka asubuhi, walirudi jioni. Wengine hawakurudi.

Odile, mdogo wake Germaine, hakurudi. Waliovuka naye walisema tu kwamba milio ilianza, wakatupa vikapu, kila mtu akashika njia yake.

Ugumu ulikuwa hapo. Kwa watu wa pale matanga hayakaliwi hivi hivi. Mwili uonekane, au aje mtu aliyeona kwa macho yake aseme: nilimwona, amekwisha. Bila hayo, ukitandika mikeka na kulia, umemzika mtu ambaye labda yuko msituni anatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo umeifunga wewe. Basi nyumba nyingi zilikaa hazina kilio na hazina kicheko. Mama alitoka jioni, akasimama ukingoni mpaka mtumbwi wa mwisho umefungwa, akarudi ndani kupika alichopata.

Germaine akatunga wimbo. Uliuliza mto: ulimpeleka asubuhi, mbona jioni hujamleta. Beti zilikuwa za polepole. Zilipokwisha, gita la Florentin lilichangamka, na hapo Germaine alitupa jina. Kutupa jina si jambo geni Kongo. Mwanamuziki humtaja tajiri fulani katikati ya ngoma, tajiri akajisikia mkubwa, akatoa. Germaine alichukua desturi hiyo ya matajiri akawapa wasio na kitu. Aliita, "Odile!" Wanawake waliokuwa uani wakajibu, "Hajarudi!" Hawakusema amekufa, hawakusema amepotea. Hajarudi, maana yake bado yuko njiani.

Habari zikaenea mtaa kwa mtaa. Wanawake walikuja mlangoni na kusema, "Germaine, mutupe na wangu." Wa kwanza alikuwa Naomie, jirani, ambaye binti yake mkubwa, Mamy, alivuka kwenda kutafuta mihogo na kikapu chake kikarudi na mtu mwingine. Majina yakaongezeka. Hayakuandikwa popote. Germaine hajui herufi, na waliozijua waliogopa, kwa sababu karatasi yenye majina ikikutwa mfukoni mwako wakati ule, nawe ungeongezwa juu yake. Majina yalikaa ndani ya wimbo, na wimbo ulikaa kinywani mwa Germaine.

Florentin alikuwa na redio ya kanda yenye kitufe cha kurekodi. Mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa yamekufa, akayaanika juu ya bati siku nzima ili yapate nguvu kidogo. Alasiri moja wanawake walijaa uani, yeye akapiga gita, Germaine akaimba na kutupa majina yote, hata moja halikubaki. Kanda ikajaa. Germaine alimwona bwana wake akiitoa na kuipuliza vumbi kwa uangalifu kama mtu anayepuliza jicho la mtoto, akampenda siku hiyo kuliko siku ya arusi. Mpaka leo akikumbuka hujitukana.

Vita vilipolegea, Florentin alipata nafasi kwenye ndege ya mizigo. Kanda ilikuwa katika mfuko wa shati. "Ninaenda kuutengeneza Kinshasa," alisema. "Watu wote wasikie. Halafu nitakutumia tikiti." Tikiti haikuja. Ilikuja habari kwamba ameoa, kisha habari kwamba amejenga. Baadaye wakaja ndugu zake na kuondoa kitanda, eti ni cha ndugu yao. Germaine aliwasaidia kukipitisha mlangoni, kwa sababu walikuwa wanakwaruza ukuta.

Akaacha kuimba. Alianza kuuza mchele, akazeeka kidogo kidogo nyuma ya gunia.

Mpaka siku moja ya karibuni, Moussa, kijana wa pikipiki, aliposimama kununua mchele na simu ikiimba mfukoni mwa koti lake. Germaine alibaki na mkono ndani ya gunia. Magita yalikuwa mengi, ngoma zilikuwa nzito, sauti ilikuwa ya mwanamume aliyeshiba. Lakini mto ulikuwa ule ule, ukiulizwa swali lile lile.

"Moussa. Nani anaimba?"

"Mama Germaine, haujui?" akasema Moussa kwa Kiswahili cha Kindu, ambacho ndio yake ni njo. "Njo wimbo mupya wa Florentin. Muntu wa kwetu hapa. Kinshasa wote wanaucheza."

"Ni wimbo wangu."

"Wa wewe!" Moussa akacheka. "Basi na mimi nilitengeneza hii pikipiki."

Beti zikaisha. Gita likaanza kuchangamka, na Germaine akangoja majina. Simu ikanyamaza. Moussa akaipiga kofi kupitia koti.

"Rezo, mama. Rezo ya Kindu," akasema, akimaanisha mtandao wa simu.

Germaine alifunga gunia mapema siku hiyo, akaenda moja kwa moja kwa Naomie. Naomie sasa ni mzee. Magoti yamemkataa, lakini jioni bado hutoa kigoda chake nje na kukielekeza upande wa mto.

"Umemusikia Mamy?" akauliza, kabla Germaine hajamaliza kueleza.

"Imekata kabla ya majina."

"Lakini majina yapo."

"Sijui, mama. Ninakuambia imekata."

Naomie hakusikia hilo la pili. Alikuwa amefumba macho. "Kwa hiyo Kinshasa wanamwita," akasema. "Kisangani wanamwita. Kama yuko mahali, ameolewa huko, amesahau njia, atasikia jina lake. Atajua tunamungoja."

Germaine alirudi kwake akiwa na neno hilo tumboni. Alifanya hesabu yake mwenyewe usiku kucha na akakubaliana na roho yake hivi: Florentin ameiba wimbo, sawa. Ameiba ujana, sawa, na kitanda wakachukua. Lakini kama amemwacha Odile ndani ya wimbo, kama amemwacha Mamy na wale wengine, basi yeye Germaine atafunga mdomo mpaka aingie kaburini. Hatadai, hatamlaani. Ilibaki kusikiliza tu.

Hapo taabu ikaanza.

Simu yake, aliyoachiwa na mtoto wa shangazi yake, aliipeleka kwa Ismaël, mtengenezaji wa simu mwenye kitambi na maneno mengi, ambaye kibanda chake kiko karibu na wauza samaki. Ismaël akaiweka programu ya muziki. Picha ya Florentin ikatokea, miwani nyeusi, shati limekaza tumboni.

"Amenenepa," akasema Clémentine, muuza samaki, aliyekuja kuchungulia bila kuitwa. "Mchele wako njo ulimupa musingi."

Wakaucheza. Beti zikaisha, gita likaanza kuchangamka, kimya.

"Rezo," akasema Ismaël.

Germaine akateremka hadi ukingoni mwa mto, mahali ambapo watu huenda kupiga simu zao za mbali, akasimama ameinua simu juu ya kichwa kama mtu anayevuka maji. Ikakatika pale pale. Ismaël akasema mega za intaneti zimekwisha, Germaine akanunua nyingine. Ikakatika pale pale. Ismaël akasema programu imejaa uchafu. Akafuta kila kilichohifadhiwa ndani, akaiondoa, akaiweka upya, akaizima simu yenyewe na kuiwasha. Ikakatika pale pale.

"Ikikata, inaandika nini?" Ismaël aliuliza.

"Mimi sikusoma, Ismaël. Wewe njo ulisoma. Soma."

"Haiandike kitu, mama."

"Basi hata wewe haujasoma."

Siku moja sokoni ilinyamaza hata beti hazijaisha, na sekunde hiyo hiyo wimbo ule ule ukaanza kwenye meza ya Clémentine. Germaine akageuka na mikono yenye vumbi la mchele.

"Clémentine! Kumbe njo wewe unanikatia!"

"Mimi? Mimi ninasikiliza yangu."

"Zima."

"Zima wewe. Bwana alikuwa wako, lakini wimbo ni wa watu wote."

Walivutana hadi samaki wawili wakaanguka vumbini. Ilibidi Ismaël aje mbio. Alipozitazama simu zote mbili alijikuna shingo. Alikuwa amefungua akaunti moja kwa jina lake, akaiweka kwenye simu za wateja wote ili asirudie kazi. Akaunti moja haiimbi kwa midomo miwili kwa wakati mmoja. Mmoja akifungua kwake, wa pili ananyamazishwa. Mtaa mzima ulikuwa unaporana wimbo bila kujua.

"Na sisi tunasema rezo," akasema Clémentine akipangusa samaki.

Ismaël akampa kila mtu akaunti yake. Germaine akafungua, akatega sikio. Beti zikaisha. Gita. Kimya.

Sasa hata Ismaël alichoka. "Mama, labda ni rezo kweli."

"Rezo haijui nyimbo," Germaine akajibu. "Rezo ingekata popote inapotaka. Hii inakata mahali pamoja, mlangoni mwa majina, kama muntu anaiotea."

"Ameufunga," akasema Clémentine, na safari hii hakutania. "Florentin ameuwekea dawa. Watu wengine wote wapite, watu wa Kindu waishie mlangoni."

Germaine hakulikataa neno hilo. Alipofikiri jinsi alivyomjua mtu yule, aliliona linamfaa.

Ukweli ulitokea kwa sababu ya vumbi. Mchele mpya wa Kibombo ulikuwa na pumba nyingi, zikatua juu ya kioo cha simu, na Germaine, huku anasikiliza, akawa anazifuta kwa kidole gumba, mara kwa mara, bila kufikiri. Beti zikaisha. Gita likachangamka. Likaendelea! Ngoma zikaingia nyuma yake. Germaine akaganda. Mteja akamwita, "Mama, unauza au hauuzi?" akaiweka simu chini achote mchele, na kabla hajafunga mfuko, simu ikafa.

Alimwachia Clémentine gunia, akaenda kwa Ismaël.

"Nikiigusa-gusa inaimba," akamwambia. "Nikiiacha inakufa. Kama bwana."

Ismaël alifungua mdomo kucheka, halafu akaufunga. Akachukua simu, akaingia katika mipangilio yake, vyumba vya ndani ambavyo Germaine havijui, akapekua kimoja kimoja.

"Mama," akasema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ekonomi ya batri. Umeme hakuna, sola nayo ni jua likitaka. Kwa hiyo kila simu inayopita mikononi mwangu ninaiwekea ekonomi kali, bure, zawadi yangu. Kioo kikizimika, simu inangoja kidogo, inaona kama umelala, inaua kila kitu kinachofanya kazi. Na zile beti za polepole zinakwisha wakati ule ule."

"Kila simu?"

"Karibu mtaa wote."

"Kwa hiyo mkono uliokuwa unatukatia ni wako."

"Ni mkono wa kusaidia, mama."

"Ninaijua misaada yenu, wanaume."

Ismaël akaiambia simu iuache muziki peke yake hata kioo kikilala. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya picha ya Florentin, aucheze wasikie, lakini Germaine akaifunika simu kwa kiganja.

"Hapana. Bila Naomie, hapana."

Jumapili mchana, watu walipotoka kanisani, uani kwa Germaine kulijaa. Walikuja wale wanawake wa zamani waliobaki, na wengine walileta binti zao. Clémentine alileta samaki wa kuchoma, asionekane amekuja bure. Naomie aliletwa na Moussa kwa pikipiki, kitenge kipya kiunoni, akawekewa kigoda karibu na simu. Germaine akaiweka juu ya sufuria iliyopinduliwa chini juu, sauti itoke vizuri, akabonyeza.

Beti zikapita. Florentin alikuwa ameyabadilisha maneno mawili matatu. Mwanamke aliyekuwa akiulizia mdogo wake sasa alikuwa mwanamume anayeulizia mchumba. Germaine aliuma mdomo akaacha lipite. Kioo kikazimika. Wote wakakitazama. Gita likachangamka, ngoma zikaingia, na simu ikaendelea kuimba gizani mwake. Naomie akakaza mgongo.

"Papa Gérard wa Bruxelles!" ikaita sauti ya Florentin.

"Hajarudi!" akajibu Naomie, peke yake, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo.

Ndani ya simu wanaume walijibu kitu kingine: "Yuko juu!"

"Roger Patron, mwenye magari!"

"Hajarudi," wakasema wawili watatu, wakitazamana.

Naomie akainama. "Huyo Gérard ni mutoto wa nani? Alivuka na nani?"

"Hakuvuka, mama," akasema Germaine.

"Walimukamatia wapi?"

"Hakuna aliyemukamata. Yuko Bruxelles, Ulaya, anakula muzuri. Amelipa, ndiyo wanaita jina lake."

Naomie alilitafuna hilo. "Muntu alipe," akasema, "ili wamwite pamoja na wasiorudi?"

Majina yalikuwa bado yanatoka: wenye maduka, wenye hoteli, mheshimiwa fulani na mke wake, mtu wa magari tena. Kila mmoja yuko juu. Uani hakuna aliyepumua kwa nguvu, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba baada ya tajiri huyu atakuja wake. Gita likapunguza mwendo, likaisha.

"Imekata," akasema mwanamke mmoja.

"Haikukata," akasema Germaine. "Imekwisha."

Wakamlazimisha aucheze tena. Ulikwisha tena mahali pale pale. Clémentine akaisogelea simu.

"Rudisha kwa huyo Gérard," akasema. "Rudisha, ninakuambia. Anataka kuitwa? Tutamwita."

"Papa Gérard wa Bruxelles!"

"Hajarudi!" wakapaza wanawake wote.

"Roger Patron!"

"Hajarudi!"

"Na asirudi!" akaongeza Clémentine, na uani wote ukaangua kicheko, kile kicheko cha kuumiza mbavu ambacho mtu hukifuta kwa pembe ya kitenge. Mtu akapaza, "Florentin!" na wakajibu kwa nguvu kuliko wote. Germaine naye alijibu. Alitaka limfikie, huko aliko na miwani yake, likae kooni kama mfupa.

Naomie hakucheka. Alingoja watulie.

"Germaine. Majina yetu ameyaweka wapi?"

"Ameyatoa, mama."

"Nimesikia ameyatoa. Ninauliza ameyaweka wapi."

"Hakuyaweka mahali."

"Na kanda?"

Germaine akainua mabega. Kanda iliyotoka Kindu katika mfuko wa shati miaka yote hiyo, nani ajue ilitupwa jaa gani.

"Wewe unayakumbuka?"

"Wako ninamukumbuka."

"Sikuuliza wangu. Yote."

Germaine alianza. Odile. Mamy. Princesse wa kwa fundi wa cherehani. Wale mapacha wa kando ya reli. Mama Espoir na mkwe wake. Alikwenda vizuri, hata mguu wake ukaanza kupiga mwendo wa gita chini. Kisha akafika mahali pakawa peupe. Akarudi nyuma aanze kwa kasi, ashike jina kwa kulirukia. Akafika pale pale, peupe. Wanawake wakamsaidia, huyu akitaja wa shangazi yake, yule akibisha kwamba huyo alirudi, tena alizaa. Wale ambao mama zao walikuwa wamekwisha kufa hawakuwa na mtu wa kuwataja. Germaine alijua wapo. Alikumbuka hata sura za mama zao mlangoni, wakisema mutupe na wangu. Majina hayakuja. Alikuwa ameacha kuyaimba kwa hasira, siku nyingi, akijiambia kwamba yako salama kwenye kanda.

"Basi," akasema Naomie.

Alijishika magotini, akasimama. Clémentine akamnyooshea mkono, Naomie akaukataa.

"Nilikuwa ninasema: Kinshasa wanamwita. Ningekaa mbele ya muto mpaka nife, kwa sababu kuna mahali anaitwa. Sasa hata huko hawamwiti. Basi mutoto wangu amekufa. Leteni mikeka."

Hakuna aliyesogea.

"Leteni mikeka! Nimengoja sana. Ninataka kulia."

Akafungua kitambaa cha kichwa, akakitupa chini, na kilio kikatoka, kirefu, kile ambacho alikuwa amekizuia tangu akiwa mwanamke mwenye nguvu. Wanawake wakakaa chini mmoja mmoja, wakakipokea kile kilio kama ilivyo desturi. Majirani wakatokea. Moussa, aliyekuwa akingoja kumrudisha Naomie nyumbani, akaingia uani mbio.

"Nani amekufa?"

"Mamy," akajibiwa.

"Mamy gani?"

Moussa alikuwa hajazaliwa siku Mamy alipovuka mto.

Clémentine alimfuata Germaine ndani, ambako alikuwa akivuta mikeka kutoka juu ya kabati. Macho ya Clémentine yalikuwa mekundu na mdomo wake, kwa mara moja, ulikuwa mpole.

"Yaya Germaine," akasema, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. "Na Odile? Tuwalilie pamoja? Mikeka ndiyo hiyo hiyo."

Germaine alishusha mikeka sakafuni, akakung'uta vumbi la mkeka wa kwanza, akakung'uta na la wa pili.

"Florentin asiniulie na mdogo wangu," akasema. "Odile hajarudi."

Akambebesha Clémentine mikeka yote, akainama kufungua gunia la mchele. Watu wangekuja wengi, na lazima wale.